Aliyekuja Kumuulizia Mtoto

Mara ya kwanza Thuraya aliponyimwa nafasi ya kwenda London kusomea uwakili, alilia kidogo bafuni, akanawa uso, akaenda skuli pale Ibra, Omani, kufundisha Kiingereza kama kawaida yake. Mwaka uliofuata, ulikuwa themanini na mbili, alipeleka maombi upya na safari hii hakumwambia mtu. Hakumwambia jirani yake Shukriya, ambaye habari ikimfikia asubuhi, adhuhuri imeshafika Ibra ya juu na kurudi. Hakumwambia bibi yake aliyemlea. Na hasa hasa hakumwambia mjomba wake Harub, kwa sababu Harub ndiye aliyekuwa akimshuku.

Msimcheke haraka. Alikuwa na sababu zake, na ukizisikia hata wewe utamtazama mjomba huyo kwa jicho la pembeni.

Alipokwenda Maskati kufuatilia majibu ya mwaka wa kwanza, karani wa kamati ya masomo alimwambia kupitia dirishani kwamba alama zake hazina kasoro na Kiingereza chake kimewapendeza wazee, lakini hali yake ya nyumbani hairuhusu. Thuraya akauliza hali gani. Karani akapandisha mabega, akasema hivyo ndivyo walivyoeleza watu wake. Neno hilo, watu wake, likamkaa kooni kama mwiba wa samaki njia nzima ya kurudi Ibra. Maana watu wake katika Omani nzima walikuwa wawili tu: Bibi Ghalia, mama mzaa baba, na Harub, kaka wa marehemu mama yake. Bibi alikuwa hatoki ila kwenda mazikoni. Harub alikuwa mtumishi wa serikali, anajuana na madereva, makadhi na wakubwa wa ofisi mpaka Sur, na hakuna mlango asipopokewa kwa kahawa.

Tena Harub alikuwa na mtoto, Zuhair. Yeye na Thuraya walisoma sheria pamoja Nairobi, zama zile familia zilipokuwa bado Mombasa baada ya kukimbia Unguja. Zuhair alikuwa kijana mzuri, mcheshi na mvivu. Mtihani wa mikataba aliupita kwa sababu Thuraya alikaa naye akimlisha kesi moja moja kama mtoto wa kulishwa uji. Waliomba wote wawili, Zuhair akapata, Thuraya akakosa. Sasa Zuhair yuko London, anaandika kwamba kule mtu hawi wakili kwa mitihani peke yake. Lazima kila muhula ahudhurie chakula cha jioni katika jumba la mawakili, avae joho, akae kwenye benchi refu na ale pamoja na wenzake, na asipokula hapewi uwakili hata angekuwa na akili ya malaika. Mtaa mzima ulicheka habari hiyo. Bibi Ghalia peke yake hakucheka. Aliuliza tu kama nyama yao bado haitiwi chumvi.

Aliijua nyama hiyo kwa kuhadithiwa. Mwanawe Hamed, baba yake Thuraya, alivila vyakula hivyo hivyo zamani, akarudi Unguja na joho lake, na kabla hajapata kesi ya kwanza yakaja Mapinduzi. Alichukuliwa nyumbani kwao Malindi na hakuonekana tena. Bibi hakuwa akimtaja, wala miaka yote hiyo hakukubali asomewe hitima, kwa kuwa hakuna aliyemwonyesha kaburi. Thuraya alikuwa na miaka sita. Alichobaki nacho cha baba yake ni harufu ya wino na rangi ya viatu. Alilitaka joho lile kwa ajili hiyo, asimame mahakamani pale ambapo baba yake hakupata muda wa kusimama, na hilo hakupata kumwambia mtu kwa sababu kulisema kungekuwa kumtaja. Na kamati haikupokea mtu aliyepindukia miaka ishirini na mitano, kwa hiyo mara hii ya pili ndiyo ilikuwa ya mwisho.

Basi kila Ijumaa baada ya sala Harub alikuja na bakuli la haluwa, akakaa na bibi ukumbini, wakanong'ona. Thuraya akiingia na sinia ya kahawa wananyamaza, na Harub anageuka kumuuliza habari za skuli kwa sauti ya juu isiyokuwa na kazi. Mtu asiyekuwa na lake huficha nini? Haluwa ile ilianza kumkinaisha. Akiitazama aliona ni fidia, mtu amekunyang'anya mkufu halafu anakuletea sabuni.

Kilichomaliza kila kitu ni maneno ya Shukriya. Siku moja, wanaanika nguo juu ya sakafu ya dari, Shukriya akamuuliza kwa utamu kama yule mgeni wa mwaka jana wa gari la serikali alirudi tena. Thuraya akajifanya anamjua. Shukriya akaendelea mwenyewe, maana huyu ukimwacha hahitaji kusukumwa: mgeni alikuja alasiri moja Thuraya akiwa amebaki skuli kusahihisha mitihani, alikaa ndani na bibi kiasi cha kunywa kahawa, na alipotoka, Harub, aliyekuwa ndio kwanza anafika, alimfuata mpaka garini. Alishika dirisha la gari, akasema, akasema, na yule mgeni akitikisa kichwa. Harub hakuliachia dirisha mpaka gari lilipoanza kwenda.

Hapo Thuraya akaona picha yote. Akamwona mjomba wake ameinama dirishani anamtia fitina ili Zuhair abaki peke yake uwanjani. Usiku ule hakula, na Ijumaa iliyofuata aliisukuma haluwa upande wa paka.

Mwezi huo huo karani wa Maskati akampa taarifa kwamba kamati imeyapokea maombi yake, na kwamba mtu wao atakuja Jumatano alasiri kuuliza hali kwa wazee wake, kama wafanyavyo kwa kila muombaji. Thuraya akahesabu hatari. Bibi hajui lolote, kwa hiyo bibi hana ubaya. Mwenye ubaya ni mmoja, na huyo Jumatano lazima awe mbali na Ibra.

Akenda kwa Harub Jumanne. Alikuwa amefikiri uwongo kadhaa njiani, na akauchagua ule ambao mjomba wake hawezi kuukataa. Alimwambia bibi amekubali Hamed asomewe hitima na anataka mbuzi, lakini mbuzi mzuri, wa kutoka mazizi ya Al Kamil, mbali kwa upande wa Sur, na anamtaka kesho hiyo hiyo.

Harub alikuwa amekaa na magazeti yake. Aliyaweka chini, akavua miwani.

"Amesema mwenyewe?" akauliza. "Kwa mdomo wake?"

"Kasema mwenyewe, mjomba."

Harub akasema alhamdulillahi, na sauti ikamkatika. Hamed alikuwa rafiki yake kabla hajawa shemeji yake. Thuraya aliyaona machozi ya mjomba wake, lakini alikuwa keshaamua, na mtu akiamua kumwona mwenzake mnafiki, hata machozi huyahesabu kuwa unafiki. Alitoka pale upesi. Alfajiri ya Jumatano alilisikia gari la Harub linashika barabara ya Sur.

Alasiri mgeni akaja. Jina lake Bwana Marzouq, mtu wa makamo, mpole, kilemba kimefungwa vizuri. Alikuwa mzaliwa wa Unguja, na kamati ilimtuma yeye kwenye nyumba za waliotoka Afrika ili wazee wapate kusema naye bila mkalimani. Bibi Ghalia alimpokea kwa heshima zote, akamkarimu kwa tende na vitumbua. Thuraya alitia kahawa ndani ya dele, akaipeleka mpaka mlangoni, akarudi nyuma ya pazia. Mtoto wa kike anayeuliziwa hakai mbele ya muulizaji, na yeye hakutaka kuharibu kwa jambo dogo. Alisimama pale na kitambaa cha vikombe mkononi, ametulia, anajisifu kimoyomoyo kwa kumpeleka Harub kwenye mbuzi.

Waliulizana hali, wakaulizana jamaa walio hai na waliokufa, wa Maskati na wa Dubai. Bwana Marzouq alisifu vitumbua. Alipokwisha kukitikisa kikombe chake kuonyesha ametosheka, ndipo akaingia kwenye lililomleta.

"Bi Ghalia, nimekuja tena kwa jambo lile la mwaka jana. Thuraya kaomba upya."

Bibi akakipokea kikombe. "Mimi sikujua."

"Nakuuliza mimi mwanao. Hali yake ikoje?"

"Hali yake ni ile ile niliyokwambia, baba. Mtoto keshaposwa. Ana watu wanamsubiri, haendi mahali."

Nyuma ya pazia Thuraya alisikia kila neno. Keshaposwa na nani? Hakuna aliyemposa. Neno hilo alilijua vizuri, kila nyumba ya Kiunguja inalo: akija mtu usiyemtaka kuulizia binti, humtukani wala humfukuzi, unamwambia keshaposwa, naye anamaliza kahawa yake na kwenda zake kwa heshima. Mlinzi wa mlango ni neno hilo. Lakini huyu hakuja kuposa, na alishasema alilolijia.

"Na mwaka jana alikuwa keshaposwa," alisema Bwana Marzouq taratibu, "na arusi bado hatujaisikia."

"Itakuwa, inshallah."

"Mjomba wake alinambia vyengine, Bi Ghalia. Alinifuata mpaka garini, akaapa kuwa binti hajaposwa na mtu. Akanisihi. Akanambia kama nafasi hazitoshi, tulikate jina la mwanawe tumpe huyu binti, kwa sababu yeye ndiye mwenye akili. Nikamwambia, ya Harub, wewe ni wa upande wa mama. Bibi mzaa baba akishasema, mimi siwezi kuliruka neno lake kwa neno la mjomba. Leo nilitaka niwakalishe nyote wawili pamoja. Yuko wapi?"

"Kenda Al Kamil tangu alfajiri," alisema bibi. "Wallahi sijui kafuata nini."

Thuraya alijua kafuata nini. Alikuwa na nafasi ya kutoka pale pale, afungue pazia aseme sijaposwa, na mwaka mzima alikuwa amejiona ni mtu wa kusema mbele ya majaji. Mkono haukunyanyuka. Kutoka kungekuwa kumwita bibi yake mwongo mbele ya mgeni, hilo moja, lakini hasa aibu ndiyo iliyomganda. Mtu pekee aliyepata kumsemea ulimwengu huu, yeye mwenyewe alikuwa amempeleka mbali kwa uwongo, tena uwongo wenye jina la baba yake ndani. Bwana Marzouq akaaga. Akasema atalala Ibra, kesho asubuhi anaelekea Sur na atasimama mlangoni kuaga, kisha kamati itakata shauri Jumamosi.

Bibi alimsindikiza mgeni mpaka mlangoni. Alikusanya vikombe mwenyewe, jambo ambalo hakuwa akilifanya, na alipomkuta Thuraya nyuma ya pazia alimpita kama anavyopita nguzo.

Harub alirudi jua likiwa bado juu ya ukuta. Alikuwa na vumbi mpaka kwenye kope, na nyuma ya gari mbuzi dume mweupe, mnene, bila baka hata moja. Alimshusha mwenyewe, akamwingiza uani, akaenda kuubusu mkono wa bibi.

"Shikamoo, mama. Nimezunguka mazizi yote ya Al Kamil. Nilisema kwa Hamed sichukui mbuzi wa kwanza kumwona."

Bibi Ghalia alimtazama mbuzi, akamtazama Harub.

"Mbuzi wa nini, Harub?"

"Wa hitima, mama. Thuraya kanambia umekubali."

Mbuzi alilia mara moja. Thuraya alipiga magoti pale pale kwenye mchanga wa ua, akasema yote, hakubakisha hata la haluwa na paka: kwamba alimshuku mjomba wake tangu mwaka jana, kwamba alimtoa njiani ili asimharibie, kwamba hitima aliizua. Harub alisikiliza huku anajifuta vumbi. Maneno yalipofika kwenye hitima aligeuza uso upande wa ukuta, na hapo ndipo Thuraya alipotaka ardhi impasukie.

Bibi alikaa kwenye ngazi ya ukumbi. Alikaa kama mtu aliyebeba mzigo safari ndefu akafika.

"Hukukosea kushuku," alisema. "Umekosea mtu tu. Mimi ndiye niliyekuzuia, mara mbili, na si kwa kudhani ni posa. Mimi nitashindwa kujua posa, umri huu?"

"Kwa nini, bibi?"

Bibi alichukua ncha ya mtandio wake akaikunja, akaikunjua.

"Siku ile Malindi alikuja mtu mpole. Si wale wenye mapanga, wale tuliwafungia mlango. Huyu alibisha hodi. Akatoa salamu, akakaa, akanywa kahawa yangu, akasifu vitumbua. Akauliza habari za wanangu mmoja mmoja. Halafu akanambia, na huyu wakili wetu yuko wapi? Nami nilikuwa nikiona fahari kuulizwa. Nikamwambia, yuko ndani, anasoma." Akaikunja tena ncha ile. "Wakamtoa na kitabu mkononi. Mimi ndiye niliyesema yuko ndani, Thuraya. Hakuna mwengine aliyesema. Tangu siku hiyo mtu mpole akija kwangu kuniulizia mtoto, mimi humpa uwongo."

Harub alijua. Huko ndiko walikokuwa wakinong'ona kila Ijumaa: yeye akimbembeleza mwaka mzima amwachie mtoto aende, na bibi akikataa, na wote wawili wakinyamaza sinia ikiingia kwa kuwa hawakutaka Thuraya ayasikie haya. Sasa alichuchumaa mbele yake, akamwambia huyu wa leo anamjua, ni mtu wa kheri, si wale.

"Na yule pia nilikuwa namjua, Harub," alisema bibi. "Alikuwa mtoto wa mtaani kwetu. Kakulia kwenye vitumbua vyangu."

Thuraya hakumwomba kitu. Aliyeyapata yale huwezi kumwomba kitu, na alimwona bibi yake mdogo pale kwenye ngazi, miguu haigusi vizuri chini. Aliulaza uso juu ya magoti yake, na bibi akamwekea mkono kichwani, mkono wenye harufu ya hiliki, bila kumwambia ndiyo wala la. Harub akauliza kwa sauti ndogo mbuzi amrudishe au vipi. Bibi akasema amfunge pale, ampe maji.

Asubuhi ya Alhamisi haikuwa na skuli, maana mapumziko ya Omani yalikuwa Alhamisi na Ijumaa. Thuraya alikaa chumbani na kitabu cha sheria ambacho Zuhair alimtumia kutoka London, kitabu ambacho alikuwa hajakifungua kwa kisirani. Alikuwa akisoma ukurasa mmoja huo huo kwa sababu macho yalikuwa hapo na masikio mlangoni. Alilisikia gari linasimama. Alizisikia hatua za bibi zinavuka ua, polepole, na za Harub, aliyekuja mapema, zinasimama penye mbuzi.

Bwana Marzouq hakuingia. Alishuka tu akasimama nje ya kizingiti. Wakatoleana salamu, akashukuru kwa karamu ya jana, akamtakia bibi afya. Bibi akajibu kila salamu kwa ukamilifu wake. Kisha Bwana Marzouq, kama mtu anayengoja kuona kuna neno au hakuna, akauliza, labda kwa adabu tu, labda kwa sababu Harub alikuwa keshampitia usiku:

"Na Thuraya yuko wapi leo?"

Thuraya alifumba macho. Kutoka dirishani alikuwa ameuona mgongo wa bibi yake, na mkono mmoja umeushika mwimo wa mlango mpaka vidole vimebadilika rangi. Harub ameshika kamba ya mbuzi, hatikisiki. Muda ulipita mrefu kuliko inavyofaa kumweka mgeni mlangoni.

"Yuko ndani," alisema Bibi Ghalia. "Anasoma."

Akavuta pumzi.

"Hajaposwa na mtu. Muandike."

Bwana Marzouq akasema kheri, inshallah, akarudi garini. Bibi hakuuachia mwimo wa mlango. Alisimama pale pale, anaangalia, mpaka gari likawashwa, likageuka kwenye kona ya mitende, likaondoka bila kumchukua mtu.